Baiskeli Isiyotoka Chumbani kwa Mzee Barisa

Nyinyi mnaoshika spana sasa pale kwenye vibanda vya pikipiki, mkiniona nimekaa kwenye benchi bila kazi msidhani nimesahau. Ni vidole tu vilivyostaafu. Asubuhi haviwezi kushika nati ndogo, na macho hayaoni tena spoku iliyolegea. Masikio bado ni yangu. Ndiyo maana mmoja wenu akiniita, "Babu Jilo, njoo usikilize huu mlio," nakuja. Mara nyingine nasaidia, mara nyingine nawapotezea muda kwa hadithi. Hii ni moja ya hizo hadithi. Inahusu kazi niliyoifanya nikiwa tayari nimefunga kibanda, kazi iliyonichanganya kuliko zote, na mpaka leo kuna mahali nikifika ndani yake najikuta nimenyamaza nakuna kichwa.

Maisha yangu yote nimetengeneza baiskeli hapa Garsen. Kabla ya bodaboda kujaa barabarani, kila kitu kilipanda baiskeli: mikungu ya ndizi kutoka Kilelengwani, samaki wakavu wa Kipini, madumu ya maziwa, wagonjwa, hata bibi harusi mmoja aliyeshika mwavuli njia nzima. Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Komora. Ukimletea baiskeli, hakuangalia baiskeli kwanza. Alikuangalia wewe: kiatu kimelika upande gani, goti unalibembeleza au la, mgongo umeinama kiasi gani. Halafu ndipo aliuliza, "Inalia wapi?"

Na jambo lingine alilonifundisha ni la pedali. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia. Liwekeni kichwani, maana hata nyinyi wa pikipiki ipo siku mtaletewa baiskeli. Fundi mwenzangu mmoja aliikaza kwa nguvu upande usio wake, akaharibu meno ya chuma, na mteja wake, mchuuzi wa samaki, akarudi kwa miguu kutoka njia ya Kipini akiwa amebeba pedali mkononi na hasira usoni. Aliiweka tu mezani kwa fundi, mbele ya watu wanaokunywa chai, akakaa kusubiri.

Basi nilijiona nimeyajua yote. Kisha ikaja baiskeli isiyokwenda popote.

Ilikuwa ya Mzee Barisa, yule Muorma mrefu aliyekuwa akinunua na kuuza ng'ombe, mwenye nyumba nyuma ya soko la mifugo. Miguu yake ilitembea nchi hii yote, mpaka Bura na kupita, akifuata mifugo. Sasa uzee ulimkalisha, na sukari ikampata. Kwenye kliniki aliambiwa apunguze chai tamu na atembeze mwili. Chai alipunguza kidogo. Mwili alikataa kuutembeza. Alisema mtu mzima hawezi kuonekana anatembea haraka barabarani bila kufuata ng'ombe, watu watauliza ni nani anamkimbiza.

Mwanawe, Dae, anafanya kazi Mombasa. Kusikia hivyo akamtumia sanduku kwa basi. Mkewe Mzee, Bi Halima, akaniita. Yeye ni mtu wa Kipini, Mswahili wa kule kule baharini, mfupi, mwepesi wa maneno. Hakupata kujifunza kuongea taratibu ingawa ameolewa na mtu asiyeharakishwa na chochote.

"Fundi Jilo, mwanangu katuma baiskeli," akaniambia. "Imekuja vipande vipande. Baba Dae asema ni ya wazimu."

Nikaenda na mfuko wangu wa spana. Nilipofungua sanduku nikakuta chuma kizito cha kusimama, kiti, usukani, na gurudumu moja la chuma tupu, zito kama jiwe la kusagia. Mzee Barisa alikaa kitini akinitazama.

"Gurudumu ya nyuma iko wapi?" akauliza.

"Haina, Mzee."

"Na hii ya mbele mbona haigusi chini?"

"Haitakiwi kugusa. Unakanyaga, inazunguka, unabaki hapa hapa."

Akafikiri. "Sasa inanipeleka wapi?"

"Haikupeleki popote."

Akamgeukia mkewe. "Dae ametuma baiskeli ya kuharibika," akasema, bila ubaya, kama anayetoa habari tu.

Nami, niwaambie ukweli, niliona kama yeye. Baiskeli kwangu ni kitu cha kutoka mahali mpaka mahali. Lakini kazi ni kazi. Nikaanza kuiunga, na hapa sikilizeni, kwa sababu mashine hizi zinaongezeka na watu watawaita.

Kwanza ni mahali pa kuiweka. Saruji ya chumba kile ilikuwa na mteremko, na mashine ikayumba. Chini ina vikombe vya mpira vya kuzungushwa, vya kuinua pembe moja na kushusha nyingine. Nilivizungusha mpaka nikaitikisa kwa mikono yote miwili isicheze. Nikaiweka karibu na dirisha kwa ajili ya upepo, kwa maana joto la Garsen mnalijua, na mbali na pazia, kwa maana kitambaa na gurudumu linalozunguka havipatani. Pedali ya kushoto kinyume, ya kulia kawaida. Nati zote nikazirudia mara ya pili.

Kisha kiti. Kiti ndicho mashine yenyewe. Mwambie mtu asimame kando yake, kiti kifike kwenye mfupa wa nyonga. Apande, akanyage mpaka pedali ifike chini kabisa: goti liwe limekunjika kidogo tu. Likinyooka kabisa, kiti kiko juu mno na nyonga zitayumba. Likikunjika sana, kiti kiko chini na magoti yatauma. Na ile nguzo ya kiti ina alama iliyochorwa, usiivute kupita alama hiyo hata mtu awe mrefu vipi, itachomoka naye. Kwa miguu ya Mzee Barisa nililazimika kuipandisha karibu kabisa na alama. Usukani nikauinua ili mgongo wake usijikunje. Nikachora mstari kwa kalamu ya wino mahali kiti kinapotakiwa kukaa.

Sasa ndio nikazungusha pedali kwa mkono, nikaachia. Zikaendelea kuzunguka.

Nikazishika, nikazungusha tena, nikaachia. Zikaendelea. Nikatafuta frii, kile kidude cha nyuma kinachokuruhusu kuacha kukanyaga huku gurudumu linakwenda. Hakikuwepo. Gurudumu na pedali vimefungwa pamoja. Likizunguka lile, na miguu yako inazunguka, utake usitake. Kuisimamisha, kuna kirungu chekundu mbele yako: ukikizungusha kinakaza, unakanyaga kwa uzito zaidi, ukikibonyeza chini ni breki. Nilikaa chini nikaitazama kwa muda. Fundi wa miaka yangu yote, sikuelewa kwa nini mtu atengeneze baiskeli isiyokubali kupumzika.

Nikamwonyesha Mzee: "Usiruke ikiwa inazunguka. Punguza mwendo, bonyeza hapa, isimame, ndipo ushuke. Vaa viatu vya kufunika vidole, si kandambili. Nguo isining'inie."

Akatikisa kichwa kukubali. Vijana, mtakutana na kichwa cha namna hiyo. Kinatikisika vizuri sana na hakina maana yoyote.

Daktari wa kliniki ya sukari, Daktari Mwanaisha, alikuwa amempa masharti yake pia: ale kwanza kabla ya kupanda, aanze polepole na amalize polepole, awe na kitu kitamu karibu endapo atatetemeka na kutoka jasho la baridi, akague nyayo zake kila siku, na akisikia kifua kinabana au kizunguzungu ashuke. Kipimo chake cha mwendo kilinipendeza: mtu anayeendesha aweze kuzungumza. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha.

Dae naye alikuwa amemtumia mama yake simu kubwa, ya kuwekwa juu ya usukani. Mashine ilikuwa inaongea na simu, na simu inampelekea Dae Mombasa habari za umbali baba yake aliokwenda. Umbali aliokwenda akiwa amekaa pale pale. Nilimwomba Bi Halima anieleze tena na bado sikupata.

Nikarudi baada ya siku kadhaa kukaza nati, maana mashine mpya hulegea. Mzee yuko nje barazani.

"Unaendesha, Mzee?"

"Napanda. Lakini goti yangu inauma."

Nikaingia chumbani. Kiti kiko chini. Si kidogo, kiko chini sana, na mstari wangu wa wino umemezwa ndani ya bomba. Nikasema, ndiyo maana goti linauma, nguzo inateleza. Nikaitoa, nikasafisha grisi, nikaibana upya kwenye mstari. Nikakaa mwenyewe juu yake, na mimi si mtu mwepesi, nikarukaruka. Haikushuka hata unywele.

Niliporudi tena, iko chini. Nikabadilisha bolti. Nikaja tena, iko chini, mahali pale pale, kana kwamba imepapenda. Hapo nikaanza kuchanganyikiwa kwelikweli. Chuma kikiteleza huteleza kidogo leo, kesho zaidi. Hakichagui mahali pa kukaa. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alisema nyumba ile ina jini na jini huyo ni mfupi. Nilicheka, lakini usiku ule niliifikiria.

Na si kiti tu. Bi Halima alinionyesha simu, ujumbe wa Dae: baba, umefika mbali, hongera, ukiendelea hivi utakuwa umefika Malindi na kurudi. Nikamwangalia Mzee Barisa. Tumbo liko pale pale. Uso umechoka vile vile. Nyayo zake, nilizitazama kama Mzee Komora alivyonifundisha, zilikuwa ndani ya kandambili zile zile, na viatu vya mazoezi alivyonunuliwa vilikuwa chini ya kitanda, soli safi.

"Mzee, unapanda na viatu?"

"Navua nikimaliza."

"Soli haina alama."

"Haigusi chini," akanijibu. "Si wewe ulisema?"

Lilikuwa jibu zuri, na nilirudi nyumbani nikijiuliza kama ni mimi nisiyeelewa.

Wakati huo huo kulikuwa na jambo jingine, na hili hakuna aliyelisema kwa sauti. Bi Halima alikuwa anakonda. Dira zake zilianza kumpwaya mabegani. Siku moja Mzee Barisa alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasimama akitazama upande wa soko.

"Jilo. Unaona mama ya Dae?"

"Naona, Mzee."

"Anaisha." Akaendelea kutazama soko. "Mimi ndiyo mgonjwa. Mimi ndiyo nakunywa dawa. Sasa yeye anaisha kwa nini? Namwuliza, anacheka. Anasema yeye yuko sawa. Dada yake alikonda hivi hivi, akicheka hivi hivi, na tukamzika."

Yule mzee ameuza na kununua ng'ombe maisha yake yote, anajua mnyama anayekonda kwa njaa na anayekonda kwa maradhi kwa kumtazama tu kwa mbali. Lakini yeye hakuweza kumsoma mkewe, na hilo lilimtisha kuliko sukari yake.

Basi tukafika siku ya kliniki. Daktari Mwanaisha akaniita niingie na Mzee, kwa sababu alisikia mimi ndiye fundi wa ile mashine. Alikuwa na simu ya Bi Halima mezani na majibu ya damu pembeni yake.

"Mimi sielewi," akasema, na nikafurahi kusikia mtu mwingine akisema hivyo. "Mazoezi haya ni mengi. Mtu wa umri huu akifanya hivi, ningetarajia sukari iwe imeshuka. Haijashuka, imepanda. Kama mazoezi na vidonge vyote vimeshindwa, hatua inayofuata ni sindano." Akamgeukia Mzee. "Lakini sitaki kukuanzishia sindano juu ya jambo nisilolielewa. Nikikupa dawa yenye nguvu na kumbe hesabu hii si sahihi, naweza kukudhuru. Fundi, hii mashine inaweza kusema uongo?"

"Daktari, mimi hata kiti chake sikielewi," nikamwambia.

"Basi nifanyie jambo moja. Nenda ukamwone akiendesha, kwa macho yako. Halafu mrudi."

Mzee Barisa alitoka nje kabla yangu. Neno sindano lilikuwa limemwingia.

Kesho yake nilikwenda baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo alikuwa akisema ndiyo yake ya kuendesha. Sikufika nyumbani. Nilimkuta hotelini, pale pa chai karibu na zizi la kuuzia mbuzi, kikombe mbele yake.

"Mzee, si ndiyo saa ya baiskeli?"

"Nimemaliza sasa hivi."

Kabla sijakaa, simu yake ikalia, ile ndogo ya vibonyezo. Ilikuwa Dae, na Mzee husikiliza simu kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio, kwa hiyo hoteli nzima tulisikia.

"Baba, naona uko juu ya baiskeli sasa hivi. Na unaongea vizuri, pumzi haijakatika. Daktari alisema hiyo ndiyo mwendo sawa. Endelea, usisimame kwa ajili yangu."

Mzee Barisa akaniangalia. Akaangalia kikombe. Akaangalia miguu yake mwenyewe chini ya meza, kama anahakikisha iko pale.

"Dae," akasema polepole, "mimi niko juu ya baiskeli?"

"Ndiyo baba, naona hapa. Inazunguka."

Akakata simu. Niwaambie, vijana, nimeona watu wakishangaa, lakini sijapata kuona mtu akishangaa namna ile.

"Jilo," akanong'ona, "mimi sijapanda ile kitu tangu siku ya kwanza. Siku ile ulipoondoka nilipanda peke yangu, ikashika miguu yangu ikakataa kuiachia. Nilianguka nyuma ya mlango. Nikasema sirudi. Dae aliposema nimekwenda mbali, nikadhani anasema tu kunifurahisha, au ile mashine inajihesabia yenyewe. Nikanyamaza."

"Sasa nani anaendesha?"

Alikuwa ameshasimama. Tulitembea mpaka kwake kwa mwendo ambao daktari angeupenda, na ndani ya kichwa changu kulikuwa na vumbi tupu: kiti, simu, viatu, jini mfupi. Jini mfupi. Nilikuwa karibu kabisa na jibu na bado sikulishika.

Tulisikia gurudumu kabla ya kuingia. Lilikuwa linakwenda sawasawa, mlio mtamu, wa mtu anayejua anachofanya. Mzee akasukuma mlango.

Bi Halima alikuwa juu ya baiskeli, dira ameikunja kiunoni juu ya suruali ya zamani ya Dae, leso mabegani, jasho usoni, macho yamefumbwa nusu. Kiti kimeshushwa mpaka chini, mahali miguu yake mifupi inapofikia. Alipotuona alishtuka akataka kuruka.

"Usiruke," nikasema, lakini tayari alikuwa ameinua mguu. Pedali ikaja juu ikampiga kwenye kifundo. Dira ikakunjuka, upindo wake ukaingia kati ya pedali na gurudumu, ukaanza kumezwa, ukimvuta chini upande. Gurudumu zito halijui kuwa mtu ameacha.

"Kile chekundu, Mama Dae, bonyeza."

Hakukiona. Mzee Barisa ndiye aliyekifikia, yule aliyekuwa ametikisa kichwa bila kuelewa. Alikibonyeza kwa viganja viwili na uzito wake wote. Gurudumu likasimama kwa mlio mbaya. Mimi nikamshika Bi Halima asianguke, nikatoa kisu nikakata upindo wa dira.

Tukamkalisha kitandani. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba, na ngozi imechunika. Nilitaka kutoka, lakini Mzee alikuwa amesimama mlangoni na hakuonyesha dalili ya kusogea.

"Ni wewe," akamwambia mkewe.

"Ni mimi."

"Siku zote?"

"Ulianguka, Baba Dae. Nilikusikia ulipoanguka. Ulitoka ukanambia ni ndoo imeanguka." Bi Halima alikuwa anajifuta uso kwa leso. "Nikajua hutapanda tena, na hutamwambia mtoto. Na mtoto angepiga simu kila siku kukuuliza mbona hujaendesha, mwishowe mngegombana, na wewe ukigombana na Dae huli. Basi nikasema, niendeshe mimi kidogo, aone hesabu, atulie. Siku mbili tatu tu."

"Halafu?"

Akainamisha uso. "Halafu nikaipenda. Kipini ndugu zangu wanaume walikuwa na baiskeli. Mimi nilikatazwa hata kuishika. Nilikuwa nikiisukuma wakiwa wamelala mchana, naisukuma tu, sipandi. Sasa hapa mlango nimefunga, hakuna anionaye. Basi nikawa kila ukitoka kwenda chai, napanda."

Mzee Barisa akakaa kitandani kando yake. Alikaa kama mtu aliyeshushwa mzigo asiyejua bado mabega yake yako wapi.

"Kwa hiyo huumwi," akasema.

"Siumwi."

"Unaisha kwa sababu ya hii kitu."

"Napungua, Baba Dae. Si kuisha."

Akafunika uso kwa kitambaa chake cha begani. Mimi nikatazama dirishani. Kwa fundi ni vyema kujua wakati wa kutazama dirishani.

Baadaye Bi Halima akaniuliza kwa nini alichofanya ni kosa, kama mwili wake unajisikia vizuri. Nikamwambia si kosa, ila kulikuwa na hatari: mimi niliyeiweka mashine sikujua kuwa yeye yupo juu yake, kwa hiyo sikumweleza lolote. Lakini kile alichokuwa ameniuliza hasa, kama kumfichia mtu unayempenda jambo kwa ajili yake ni vizuri au vibaya, sikuweza kukijibu. Karibu mumewe apewe dawa asiyoihitaji. Na karibu mumewe afe kwa hofu. Na bado alifanya kwa huruma. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifika.

Kwa daktari tulikwenda watatu. Daktari Mwanaisha aliposikia, alicheka kidogo kisha akawa makini. Alikitazama kifundo, akampima Bi Halima presha, akakuta iko juu kiasi, akamwambia ana bahati hakuzimia peke yake nyuma ya mlango uliofungwa kwa joto lile. Hakumkataza. Alimwambia kifundo kipone kwanza, mlango uwe wazi, maji yawe karibu, asiende mbio, na mtu awe anajua yuko juu ya mashine. Sindano ya Mzee ikawekwa kando. "Kwanza tuone mazoezi yatafanya nini," akasema, "maana kumbe hatujayajaribu."

Mimi nilirudi na vifaa. Nikatengeneza kifuniko cha bati pale pembeni ya gurudumu. Mstari mmoja wa wino haukutosha tena, nikachora wa pili, chini. Nikampandisha Mzee Barisa nikiwa nimeshika usukani, nikamfunza kitu kimoja tu kwa siku nzima: kubonyeza na kusimama. Kanyaga kidogo, bonyeza, simama. Kanyaga, bonyeza, simama. Mpaka mkono ukajua njia bila kichwa kutikisika. Mkimfundisha mtu mashine yoyote, anzeni na namna ya kuisimamisha. Anayejua kusimama haogopi kuanza.

Aliendesha vibaya mwanzoni, mabega juu, uso umekunjwa, kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Bi Halima alikaa kitini, mguu umefungwa bendeji, akimwelekeza. "Legeza mabega, Baba Dae. Zungumza. Daktari alisema uzungumze." Naye akawa anataja majina ya ng'ombe aliowahi kumiliki, mmoja baada ya mwingine, na rangi zake. Ndiyo aliyoweza kuyasema bila kufikiri. Siku za mwanzo alichoka kabla ya kumaliza hata zizi moja. Baada ya miezi, sukari yake ilianza kuteremka, polepole, si ajabu ya kusimuliwa, lakini daktari aliridhika. Vidonge vyake bado anavimeza. Viatu vina jasho ndani sasa.

Simu ya Dae nimeiacha mwisho, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka nikikaa peke yangu. Ilikuja siku ambayo kifundo cha Bi Halima kilikuwa kimepona. Nilikuwa pale nikikagua nati. Mzee akaweka sauti juu kama kawaida yake.

"Baba, sikuelewi," Dae akasema. "Mwezi uliopita ulikuwa unakwenda mbali sana, sasa unakwenda kidogo sana. Unaumwa?"

Mzee Barisa akavuta pumzi. Nilidhani ataficha. Ana uso wa kuficha, umeuza ng'ombe wengi.

"Dae, zile za kwanza zote ni za mama yako. Mimi zangu ni hizi kidogo."

Tukasikia magari ya Mombasa.

"Mama?" Dae akasema. "Mama anaendesha baiskeli?" Na sauti yake ikawa ya mtoto, sijui niieleze vipi. "Yuko wapi sasa, nimsalimie?"

Mzee akageuka kumtazama mkewe, ambaye alikuwa juu ya mashine, mlango wazi, kiti chini.

"Huwezi kuongea naye," akasema. "Yuko njiani. Na mimi hapa nasubiri ashuke, ni zamu yangu."